Wifi Yangu Atuganile na Boila ya Kiwandani

Kuna watu hapa Ikuti ambao mpaka leo wakimwona wifi yangu Atuganile anapita na mkungu wa ndizi kichwani, wanagusana viwiko na kunong'ona: yule ndiye aliyesema na mkwewe makaburini. Wanasema kana kwamba alikamatwa na kuku wa mtu. Nikiwasikia huwa nawauliza, na ninyi siku ile midomo yenu mlikuwa mmeiweka wapi? Basi nitaeleza mwenyewe, maana nilikuwepo, na maneno yake yote ya mwanzo yalipita kinywani mwangu kabla hayajamfikia mtu mwingine.

Naitwa Felista. Abeli, mume wake, alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Alimtoa Atuganile Masoko, akamleta hapa akiwa msichana mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Mama yetu alimpenda kwa sababu alifanya kazi bila kusukumwa. Mimi sikumpenda haraka. Nilizoea mawifi wanaocheka, na huyu ukimtania anakutazama tu mpaka unajuta kuanza. Baadaye nikaelewa kuwa hana dharau. Ni mtu ambaye akishika jambo, analishika hilo hilo mpaka liishe.

Mfano ni ule wa mzani. Kwenye kituo tunachouzia majani mabichi ya chai, karani alikuwa na tabia ya kupunguza kilo kwa kisingizio cha maji ya mvua, hata siku ya jua kali. Sote tulikuwa tunanung'unika na kuondoka. Siku moja Atuganile akagoma kushusha kapu lake. Akasimama pale, kapu linaning'inia, foleni nyuma yake imefika barabarani, watu wanamtukana kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. "Pima tena," anasema. Karani anafoka. "Pima tena." Mwishowe yule karani akapima tena, na tangu hapo kila alipomwona anatokea kwenye kona alikuwa anaufuta mzani kwa leso kabla hajafika. Sisi wengine hatukumshukuru. Tulimwambia ametuchelewesha.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima mlijue. Kwa Wanyakyusa mke haongei na baba mkwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, na wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani na kujifunika kichwa mpaka mzee apite. Vijana wa siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao na kuulizana matokeo ya mpira, sina ugomvi nao. Kwenye nyumba yetu jambo lile lilishikwa. Baba yetu alifariki zamani, kwa hiyo aliyesimama mahali pake ni mdogo wake, Mzee Ambindwile, mzee wa kanisa, mtu wa sauti kubwa na mkongojo. Miaka yote ya ndoa yake Atuganile hakuwahi kusema naye neno. Akiwa na la kumwambia alinituma mimi. Mzee akitaka kujibu alinituma mimi. Wakati mwingine wote wawili wako uwanja mmoja, ukuta wa mianzi katikati, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, na bado Felista apige safari. Nimechosha miguu yangu kwa heshima za watu.

Mzee Ambindwile naye alikuwa na habari moja aliyoipenda kuliko zote, na hakuna mtoto wa ukoo wetu ambaye hakulishwa. Baba yake, yaani babu yetu, ujana wake aliutumia ziwani Nyasa, akichochea moto kwenye meli ya mvuke ya serikali ya Wajerumani, meli yenye mzinga mbele. Boila ya ile meli ilikuwa imechoka. Watu wa moto walisema, wakajibiwa kuwa safari haiwezi kusubiri. Siku moja bomba likapasuka, mvuke ukawaunguza mpaka kufa wachochea moto wawili, rafiki zake babu. Wakubwa wa meli wakakaa kuuliza, wakamaliza mapema: wale watu walilala, maji yakawaishia kwenye boila. Babu alikuwa nao, alijua hawakulala, na hakuna aliyemuuliza. Mzee Ambindwile akifika hapo alikuwa anapiga mkongojo chini na kusema, "Waongo wale." Kila mara, mkongojo chini. Abeli alipopata kazi ya boila kiwandani, mzee alifurahi kama mtu aliyerudishiwa mali ya baba yake.

Kiwanda chenyewe ni cha chai, kipo bondeni chini ya kijiji, na boila ndiyo inayotoa joto la kukaushia majani. Abeli aliingia enzi za shirika la umma, akiwa kijana. Shirika lilipouzwa kwa watu binafsi na wenzake wengi kupunguzwa kazi, yeye alibakizwa, kwa sababu ile boila kuukuu iliwahitaji watu waliozoea kuishi nayo. Walibaki wawili, yeye na Anosisye, jirani yetu, mwembamba, mwoga wa kila kitu mpaka mbwa wadogo. Meneja mpya alikuwa Benedicto, mtoto wa hapa hapa Rungwe, tuliyesali naye kanisa moja. Hakuzaliwa mbaya, nisimsingizie. Lakini alikuwa na mabwana zake Dar es Salaam, wenye kiwanda, na kila walipopiga simu alitoka ofisini jasho linamtoka.

Ndipo ikaja mvua ya El Nino. Chai iliota mpaka tukachoka kuichuma, na majani yakarundikana kiwandani kuliko mashine zilivyoweza. Juu ya boila kuna valvu ya usalama, kitu kidogo chenye mkono wa chuma. Mvuke ukizidi unauinua ule mkono na kutoka nje kwa kelele, boila inapumua. Valvu yetu ilikuwa imechakaa, inafunguka mapema, mvuke unapotea na majani yanachelewa kukauka. Abeli akaomba valvu mpya. Benedicto akasema imeagizwa Dar na barabara zimekatika. Halafu siku moja akaamuru kipande cha reli kining'inizwe kwenye ule mkono ili usiinuke. Abeli alikataa kukigusa. Lakini kilining'inizwa. Kiwanda kizima kilijua, kwa sababu ile kelele tuliyoizoea kutwa nzima ilikoma, na wanawake wa chumba cha kuchambulia, Atuganile akiwa mmoja wao, wakawa wanatazamana bila kusema.

Ilipasuka mchana, watu wanakula. Nilikuwa shambani nikasikia mshindo, nikadhani mlima Rungwe umeamua kurudia mambo yake ya kale ya kutapika moto. Nilipofika bondeni, chumba cha boila hakikuwa na paa, mvua inanyesha juu ya vyuma vya moto na kufuka. Atuganile alikuwa amekwisha kumtoa mumewe mle ndani mwenyewe, amemlaza juu ya magunia, amemfunika khanga yake. Anosisye alikuwa ameungua mkono mmoja, amekaa chini kwenye matope anatetemeka.

Tulimlaza Abeli hospitali, kule Makandana. Manesi walifanya walichoweza. Benedicto alikuja kumwona, akasimama na Mzee Ambindwile kando ya kitanda, akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba inasikitisha, inaonekana Abeli alisinzia na boila ikamshinda. Atuganile alikuwa ametoka nje, kwa sababu mkwewe yumo. Walipoondoka akaingia, na Abeli akafungua macho. Alikuwa amesikia yote.

"Sikulala, Mama Lukasi," akamwambia. "Nilikuwa napanda ngazi nikakitoe kile chuma. Kama watakining'iniza tena pale, Lukasi asikanyage."

Lukasi ni mtoto wao mkubwa, kijana aliyemaliza shule akakaa nyumbani bila kazi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji, nikasikia kila neno. Kesho yake asubuhi kaka yangu alifariki.

Msiba wetu unajua kujaza uwanja. Wanaume wakakaa nje na moto wao, wanawake ndani kwenye majani ya migomba, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakwama. Benedicto akaja akiwa amevaa koti jeusi, nyuma yake watu wanaswaga dume la ng'ombe lililonona. Akalifunga kwenye mparachichi. Akasema kiwanda kinatoa pole, na boila ikishatengenezwa Lukasi atachukua nafasi ya baba yake. Mnajua kazi ilivyokuwa adimu miaka ile. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, na Mzee Ambindwile akasimama akashukuru kwa niaba ya ukoo.

Lakini kwetu ng'ombe wa msibani ana maneno yake. Mtu akikuletea ukamla, mmekula pamoja mbele ya maiti, na neno lililokuwa kati yenu limeishia hapo. Ukilifufua kesho, watu watakuuliza nyama uliimeza vipi. Benedicto alilijua hilo vizuri, alizaliwa humu humu.

Atuganile akaniita jikoni. "Wifi, kamwambie mzee dume lisichinjwe."

"Nimwambie kwa nini?"

"Kwa sababu Abeli hakulala."

Nikaenda. Mzee alikuwa kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa jiko, na naapa alikuwa amekwisha kusikia. Nikamwambia hata hivyo. Akasema, "Mwambie mke wa Abeli kwamba huyu ni ng'ombe wa heshima. Kijana amepata kazi. Anataka nini zaidi?"

Nikarudi. Atuganile akasema, "Mwambie kijana mwenyewe ndiye ninayemtaka. Leo tukimla huyu ng'ombe, tumekubali kuwa baba yake alilala, na kama alilala yeye, basi chuma hakina kosa. Watatengeneza boila na kukitundika tena, na chini yake atakaa Lukasi."

Nikaenda tena. Mzee akakohoa. "Mwambie mambo ya vyuma siyajui. Na kuna watu wengine wa kuulizwa kabla ya meneja," akasema, kisha akashusha sauti na kumtaja Anosisye.

Hapo nikajua tumeshaingia kwenye shimo. Wazee wetu wanaamini mbepo, ile pumzi baridi ya majirani wanaokuchukia. Wakikupumulia, utapatwa na jambo. Abeli alikuwa amejenga nyumba ya matofali na kuiezeka bati jipya, kwa hiyo wa kumchukia hawakukosekana. Na Anosisye alikuwa kwenye zamu ile ile, akatoka na mkono mmoja tu umeungua. Msibani hilo lilikuwa limezunguka tangu jana: kwa nini mmoja afe na mwingine apone? Mtu mwoga kiasi kile, eti leo ndiye mchawi. Nilikasirika mpaka nikaacha kusikia kwaya.

Nilipompelekea Atuganile habari hiyo, alikaa akipepeta mchele bila kuutazama. "Anosisye akiitwa mchawi," akasema, "meneja anapata usingizi wake wote. Nenda tena, wifi."

"Siendi," nikamwambia. "Mzee ameshaamua, na miguu yangu siyo ya kukodisha."

"Haya," akasema. Nikadhani amekubali yaishe.

Makaburini, kabla udongo haujarudishwa, mkubwa wa ukoo husimama akaeleza marehemu aliishije na amekufa na nini. Mzee Ambindwile akasimama. Akasema mengi mazuri, kisha akafika kwenye kifo. "Mwanangu alikuwa amechoka. Akasinzia, moto ukamshinda. Na wapo waliompumulia mpaka akasinzia. Wanajijua." Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Anosisye, aliyesimama nyuma kabisa na mkono wake wa bandeji. Watu wakageuka. Vijana wa ukoo wakaanza kusogea upande ule, na aliyetangulia mbele yao alikuwa Lukasi.

Atuganile akatoka kwenye kundi la wanawake. Nilimshika gauni, likanichomoka mkononi. Akaiondoa khanga kichwani, akaenda mpaka ukingoni mwa kaburi, akamtazama mzee usoni. Niliwasikia wanawake wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Tata," akasema.

Baba. Neno moja hilo, na hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kwake kwenda kwa mzee yule. Hata vijana wakasimama pale walipokuwa.

"Tata, nakukosea mbele ya watu, na najua. Nina ng'ombe wangu zizini, huyo ndiye faini yangu, mchukueni leo. Lakini sitanyamaza. Anosisye hakumpumulia mtu, na Abeli hakulala. Alikuwa anapanda kukitoa chuma kilichozuia valvu, aliniambia kwa kinywa chake, na Felista alikuwepo. Tata, umewalea watoto wa ukoo huu kwa habari za meli ya Wajerumani. Umewaambia kwamba waliosema wale watu walilala walikuwa waongo. Leo umesimama juu ya mwanao na kusema alilala. Ulikuwepo wewe? Nani amekuambia?"

Mzee aliinua mkongojo wake kama alivyozoea, kisha akaushusha polepole bila kuupiga chini.

Atuganile akamgeukia Anosisye. Akamwita kwa jina la binti yake, kwa heshima. "Baba Tulia, wanataka kukuita mchawi. Mimi nimesema si wewe, na nimesemea hapa kaburini kwa mume wangu. Sasa na wewe sema."

Anosisye akamtazama Benedicto, aliyekuwa kando ya mchungaji na mwavuli wake. Akawatazama vijana. Nilidhani atakimbia. Badala yake akaanza kulia, na katikati ya kulia akasema, "Nilikitundika mimi. Meneja aliniamuru, Abeli yupo anasikia. Abeli alikataa, akaniambia kitatuua. Siku ile mshale wa geji ya mvuke ulipita mstari mwekundu, akanisukuma mlangoni, akapanda yeye."

Nisiseme uongo, mkono wangu uliniwasha. Kama ningekuwa karibu ningempiga, bandeji na yote. Lukasi ndiye aliyekuwa karibu, akamrukia. Atuganile akaingia katikati yao. Alikuwa amesikia kama sisi tulivyosikia, kwamba mkono uliotundika kile chuma ni huu, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa uchungu, lakini alisimama pale pale.

"Huyu ndiye shahidi wa baba yako," akamwambia mwanawe. "Mwache."

Benedicto akasema taratibu, kwa sauti ya kanisani, "Mama, haya mambo hapa si mahali pake."

"Ndipo hapa," akajibu. "Na dume lako liko kwenye mparachichi, uondoke nalo."

Watu wote wakamtazama Mzee Ambindwile, maana yeye ndiye aliyelipokea. Naye akasema, na hakumsemesha Atuganile kupitia kwangu, alimtazama yeye mwenyewe: "Mwanangu, sikuwepo." Akawaambia vijana, "Lifungueni dume, limfuate mwenyewe." Nililia pale kuliko nilivyolia hospitali. Nilimlilia kaka yangu, na nilimlilia huyu mwanamke niliyekaa naye miaka yote nikimwona mkavu.

Faini ya Atuganile ilichukuliwa, msidhani ilisamehewa. Ng'ombe wake mwenyewe ndiye aliyeliwa kwenye msiba wa mume wake, na kuanzia siku iliyofuata yeye na mzee wakarudi kwenye desturi yao kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulipokwenda Mbeya, kwenye ofisi inayoshughulika na ajali za viwandani, mzee alikaa mwisho wa benchi huku, yeye mwisho kule kampa mgongo, Anosisye katikati kajikunyata, na mimi napeleka maneno. Tuliambiwa mkubwa ametoka. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Atuganile akaniambia nimwambie mzee kwamba yeye haondoki. Mzee akasema nimwambie kwamba hata yeye haondoki. Nikawaambia wote wawili basi na mimi siondoki, na tukanunua ndizi za kuchoma, tukala pale pale benchini. Tulirudi kukaa benchi lile mpaka wakatuzoea kwa majina.

Mkaguzi akaja mwishowe. Anosisye alirudia maneno yake mbele ya wafanyakazi wote, hakupunguza kitu, na kipande cha reli kikaokotwa kwenye matope nyuma ya chumba cha boila. Mkaguzi akakifunga kiwanda mpaka boila na valvu viwe vizima. Benedicto aliachishwa kazi. Mabwana wa Dar walisema hawakujua lolote, na hakuna aliyewauliza mara ya pili. Hilo linanikera mpaka leo.

Basi hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza, kwa sababu kiwanda kikifungwa chai haiachi kuota. Wilaya nzima ilikuwa kwenye msimu. Majani yalioza vituoni, yakawa meusi, yakanuka. Wanawake waliolia na sisi msibani walianza kupita bila hata kutoa "ndaga" ya salamu. Mtu alikata migomba ya mbele ya nyumba ya Atuganile, na sisi tunamjua. Atuganile alitoa vichipukizi vilivyobaki, akavipanda upya mstari ule ule. Hata Lukasi akamgeukia. Nilikuwepo jioni moja alipomwambia, "Mama, umenikatia ugali wangu mwenyewe. Wenzangu wananicheka."

"Una njaa," akamjibu, "lakini upo." Akaendelea kumenya ndizi. Nikamwona mikono yake inakosea, anamenya na nyama.

Boila ilitengenezwa mvua zilipokwisha. Valvu mpya ilifika, na meneja mpya pamoja nayo, kijana mwenye adabu anayesalimia kila mtu. Akatangaza siku ya kuwasha moto, na kwamba ahadi ya kampuni iko pale pale: Lukasi atakaa kwenye boila, afundishwe na Anosisye. Lukasi alikubali kabla hajamuuliza mama yake. Nilidhani nyumba itawaka. Atuganile akasema tu kwamba atamsindikiza.

Asubuhi ile uwanja wa kiwanda ulijaa. Wakulima walikuja na majani yao, wengine hawajamsalimu Atuganile tangu masika. Mzee Ambindwile alikuja na mkongojo wake, akasimama mbali kwa desturi. Meneja akazungumza kidogo, mchungaji akaomba. Lukasi alikuwa amevaa ovaroli ya baba yake, imemzidi mabegani, na mama yake amesimama kati yake na mlango wa chumba cha boila.

"Bwana meneja," akasema, "naomba kuuliza. Siku boila hii ikipasuka, nani atajibu?"

Yule kijana akatabasamu. "Mama, usiwe na wasiwasi. Valvu ni mpya kabisa, haitapasuka."

"Sikuuliza valvu. Nimeuliza nani atajibu."

"Kampuni itajibu, mama."

"Kampuni ilikuwepo na mara ile. Mume wangu alipokufa, kampuni ikasema haikujua. Nataka mtu."

Watu wakaanza kunung'unika kuwa anatuchelewesha, kama kawaida yao, na safari hii niligeuka nikawaambia wanyamaze, nikawaambia na matusi mawili matatu ambayo mchungaji alijifanya hakuyasikia. Meneja akamtazama Atuganile, akaitazama ile ovaroli, akamtazama Anosisye na makovu ya mkono wake. Tabasamu likamtoka.

"Mimi," akasema. "Nitajibu mimi."

"Wewe nani?"

"Ambwene."

"Kina Ambwene ni wengi."

"Ambwene Mwangalaba, mtoto wa Asajile Mwangalaba. Kwetu ni Masoko, kando ya ziwa."

Atuganile akawageukia watu. "Mmemsikia?"

Mwanzo waliitikia wachache. Akauliza tena, na uwanja mzima ukaitikia kwamba umesikia, mpaka Mzee Ambindwile kule alikosimama. Ndipo akasogea mlangoni. Akamkunja Lukasi mikono ya ovaroli, mmoja kisha mwingine, ilikuwa inamfika vidoleni.

"Haya," akamwambia. "Ingia kazini."